Zimwi la Daraja Linapiga Lini

Mkono wa kaka yangu ulikuwa bado juu ya joka lake jekundu la plastiki, na mkono wa mama mshonaji ulikuwa umeubana juu ya meza. Katika miezi yote tuliyocheza naye, mama yule hakuwahi kumgusa mtu.

“Apana,” alisema. “Zimwi yangu inapiga kwanza.”

“Mama, zimwi yako imekwisha kufa,” kaka alijibu. Alikuwa anacheka, lakini cheko la mdomoni tu.

“Haijakufa. Umesema tu unaipiga. Dadu haujatupa.”

“Nikitupa inakufa. Sasa itapiga namna gani, na iko maiti?”

Mtu wa nne pale mezani, muuguzi rafiki wa kaka, aliinua macho kutoka kwenye kadi zake. Wote watatu wakanigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa sheria.

Niseme kwanza mchezo wenyewe ulitufikiaje. Kaka ni fundi wa magari katika mtaa wa Buyenzi, mjini kwetu. Mteja wake mmoja, mgeni aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao Ulaya, alimwachia sanduku zito la karatasi ngumu kama shukrani. Ndani mlikuwa na ubao wa kukunjua wenye milima, mto na ngome katikati; majeshi manne ya visanamu vya plastiki; kadi, dadu, na kitabu cha sheria cha Kifaransa kitupu, herufi ndogo kama mbegu za lengalenga, mchicha wetu. Sanduku lilikaa juu ya kabati mpaka mafuta ya gari yalipoadimika mjini. Magari yakalala, gereji ikanyamaza, mafundi wakashinda wakiangaliana. Jumapili moja kaka akanipigia simu: “We mwalimu wa Kifaransa. Kuja utusomee hii kitu.”

Ninafundisha kwenye shule moja ya sekondari kule Kamenge, kaskazini mwa mji. Nilikaa na kitabu kile likizo nzima, nikakiandika upya kwenye daftari kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, ili asiwepo wa kuachwa nyuma. Majina nayo tuliyabadilisha. Kaka hakutaka neno wachawi litamkwe nyumbani kwake, kwa hiyo wale wenye fimbo tukawaita wazee wa moto. Kiumbe cha mawe kinacholinda daraja tukakiita zimwi.

Tulianza watatu: kaka, mimi na muuguzi, ambaye alisoma na kaka tangu shule ya msingi na sasa anafanya kazi hospitalini Kamenge. Mama mshonaji alikuja baadaye. Marehemu mume wake ndiye aliyemfundisha kaka ufundi, na alipofariki mama yule aliondoka Buyenzi akaenda kuishi kwa binti yake huko Carama, nje kidogo ya mji, akanyamaza. Si kwamba alilia. Alinyamaza tu. Ukimsalimia alikujibu salamu, basi. Kaka alimbembeleza awe anakuja kula nasi Jumapili. Alikuja, akala, akakaa pembeni. Jumapili ya tatu akasogeza kiti karibu na ubao na kuuliza, “Hawa wa kijani ni wa nani?”

Hawakuwa wa mtu. Tukampa.

Kifaransa hakijui; alisoma madrasani tu, msahafu. Kwa hiyo kila alipochukua kadi alinipa, nami nikamnong'oneza sikioni maana yake. Hakuniomba kurudia hata mara moja. Mikono yake imezoea kukata vitambaa bila kupoteza hata kipande, na majeshi yake aliyapanga vivyo hivyo. Kidogo kidogo akaanza kusema. Alikuwa akisogeza askari huku akisimulia jinsi mume wake alivyowahi kufungua injini nzima barabarani Ruziba, kando ya ziwa, mvua ikinyesha, wavuvi wakimshikia turubai. Tulikuwa tunamsikiliza bila kumtazama, tukiogopa akituona tunamtazama ataacha.

Jumapili ile ya ugomvi alikuwa karibu kushinda kwa mara ya kwanza. Zimwi lake lilikuwa limesimama darajani. Kama lingebaki pale mpaka zamu yake ifike, jeshi la kijani lingevuka na kuingia ngomeni, na mchezo ungekwisha. Kaka alilijua hilo. Akaleta joka.

Zimwi lina nguvu moja ambayo askari wa kawaida hawana: likiguswa, linarudisha pigo. Swali lilikuwa moja tu. Linarudisha lini? Kama linapiga kabla adui hajatupa dadu, joka lingeweza kufa lenyewe. Kama linapiga baada ya dadu, basi kwanza lazima libaki hai.

“Soma,” kaka aliniambia.

Nilifungua daftari. Nilikuwa nimeandika hivi: “Zimwi ikisha kupigwa, inalipiza.” Na pembeni ya mstari ule, kwa penseli, palikuwa na alama ndogo ya kuuliza. Niliiweka mwenyewe wakati wa likizo. Sikuwa na uhakika na sentensi ile, nikasema nitarudi kuiangalia. Sikurudi.

Kidole gumba changu kilikuwa juu ya alama ile. Sikukiweka pale kwa bahati.

“Inalipiza ikisha kupigwa,” nilisoma. “Kwa hiyo dadu kwanza. Ikikufa, imekufa.”

“Angalia mu kitabu,” alisema muuguzi. “Siyo mu kadaftari.”

“Kitabu nimekiacha shuleni.”

Hilo lilikuwa kweli. Lakini ningeweza kusema tungoje. Ningeweza kusema sijui. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Kaka alikuwa amepitia miezi mibaya, na siku ile nilikuwa nimemsikia akicheka tangu asubuhi. Na mimi ni mwalimu. Ukiniuliza neno la Kifaransa mbele za watu, ulimi wangu unajibu kabla ya akili. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililoweka kidole pale.

Mama mshonaji aliondoa mkono wake. Kaka akatupa dadu. Zimwi likaanguka.

Mama mshonaji alilichukua mwenyewe, akalilaza ndani ya sanduku, akapanga kadi zake vizuri, zikalingana pembe. “Mi nimechoka leo,” alisema. Akatuaga, akajifunga kitambaa, akatoka. Chai ilikuwa bado jikoni.

Mlango ulipofungwa, muuguzi alisema bila kupaza sauti, “Dada anahukumia kaka yake. Mutu angengojea nini?”

Kaka alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

“Rudia.”

“Umesikia.”

“Nimesema urudie. Mu nyumba yangu unaniita mwizi?”

“Sijakuita mwizi. Nimesema mumemuonea mujane.”

Mishipa ya shingo ya kaka ilikuwa imesimama. Muuguzi naye aliinuka, polepole, akiwa amekunja kadi mkononi mpaka zikapinda. Wifi yangu alitokea na sinia la chai, akasimama mlangoni, hakuingia wala hakurudi. Sisi wa umri wetu, tuliokulia vitani katika mji huu, tunajua neno moja linaweza kuwapeleka watu wapi. Nilitaka kusema kitu. Badala yake nikafunga daftari. Wote wawili walikuwa wanapumua kama watu waliokimbia, na kati yao palikuwa na meza tu, na juu ya meza wanajeshi wa plastiki.

Muuguzi aliweka kadi chini, akachukua koti lake, akaondoka. Kaka alikusanya kila kitu, akakisukumia sandukuni bila mpango. Hakunitazama.

Jumapili iliyofuata hatukucheza. Wala ya pili. Wala ya tatu.

Nilikuwa na hasira na muuguzi. Kila nilipokumbuka maneno yake nilimjibu moyoni, na kila jibu lilikuwa kali kuliko la kwanza. Ndiyo maana, mchana mmoja wakati wa mapumziko, wanafunzi wakipiga kelele uani, nilitoa kitabu cha sheria kwenye meza yangu katika chumba cha walimu. Nilitaka kupata ukurasa wa kumpiga nao usoni.

Nikaupata ukurasa. Kitabu kilisema zimwi linarudisha pigo “aussitôt attaquée”, mara tu linaposhambuliwa. Mimi niliandika “ikisha kupigwa”. Katika Kiswahili chetu cha nyumbani mtu akikuvamia tunasema amekupiga, hatuhesabu ngumi imefika au haijafika. Kitabu kilihesabu. Kushambulia, kwa sheria zao, ni kutangaza: nalipiga zimwi lile. Kupigwa kunakuja baadaye, dadu zikisha kusema. Chini ya ukurasa palikuwa na picha tatu zenye namba. Ya kwanza, mchezaji anaonyesha kidole. Ya pili, zimwi linapiga. Ya tatu, dadu za mshambuliaji. Mtoto wa darasa la tatu angeelewa.

Mama mshonaji alikuwa sahihi, neno kwa neno. Umesema tu. Dadu haujatupa.

Kengele ililia. Nilifundisha saa mbili zilizobaki, na mpaka leo siwezi kukumbuka nilifundisha nini.

Jioni ile nilipita gereji. Kaka alikuwa chini ya gari dogo, miguu tu inaonekana. Nilimweleza hivyo hivyo, nikiiambia miguu. Akatoka taratibu, akafuta mikono.

“Umemwambia mutu?”

“Bado.”

“Basi acha. Mchezo ulikwisha.”

“Kaka, tulimdhulumu.”

“Ni plastiki! Yule mama amezika mume, we unataka kwenda kumwambia tulimudanganya? Utamuongezea nini?” Akatupa kitambaa kwenye ndoo. “Na yule infirmier wa hospitali akisikia, atatembea Kamenge nzima akisema ni yeye aliyejua.”

“Alijua.”

Hapo alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sikumwambia habari za penseli. Nilikuwa na nguvu ya kusema nusu tu.

Siku iliyofuata, baada ya masomo, nilikwenda Carama kwa miguu. Kutoka Kamenge si mbali sana, unapita pembeni ya Kinama, nyumba zinaanza kuachana, mara unaona mashamba ya mihogo katikati ya viwanja. Njiani niliandaa maneno. Nitamwambia nimekosea kutafsiri. Ni kweli, hata wenye vyeo wanakosea kutafsiri. Nitamwonyesha picha tatu. Ataelewa, tutanywa chai.

Nilimkuta barazani kwa binti yake, akishona sare za shule. Hakusimamisha cherehani. Nikakaa kwenye kigoda, nikafungua kitabu, nikaeleza. Nilieleza vizuri sana, kama darasani. Cherehani ikaendelea kwenda mpaka mwisho wa mshono. Ndipo akakata uzi.

“Sawa,” alisema. “Na kidole?”

Nilikifunga kitabu.

“Kidole gani, mama?”

“Mwalimu. Mi sijui kusoma Kifaransa. Lakini nimeshona miaka makumi tatu, watu wanakuja na kitambaa kina doa, wanaweka mukono juu ya doa wakitaka nisiione. Ulificha nini?”

Nikamwambia. Alama ya kuuliza, penseli, likizo, yote. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Binti yake alikuwa ndani na nilijua anasikia.

“Unafikiri niliacha kuja kwa sababu ya zimwi?” aliuliza. “Zimwi ni mchezo. Mi kila kadi nilikuwa nakupa we, unanisomea mu sikio. Nilikuwa naweka sikio yangu kwako. Hiyo ndiyo kitu nilichoacha.”

Nilisema nisamehe. Hakusema amesamehe, wala hakukataa. Aliokota sare nyingine, akaipima kwa macho, akasema, “Jumapili nitakuja. Utawaita wote. Utasema mbele yao. Na kidole utasema. Alafu tunarudi pale tulipoachia.”

“Kaka alikusanya visanamu, mama. Hatutajua vilikuwa wapi.”

“Mi najua.”

Kumwita muuguzi kulinichukua siku mbili. Alipokea simu, akasikiliza, akauliza tu, “Kaka yako anajua nakuja?” Nikasema anajua. Hakujua. Nilimwambia kaka Jumapili yenyewe, alipotoka kuswali adhuhuri, na wageni walikuwa tayari njiani. “Sawa,” alisema. Hilo ndilo neno pekee nililolipata kwake mpaka wote wakakaa.

Mama mshonaji alipanga ubao peke yake. Alitoa visanamu kimoja kimoja, akaviweka bila kusita, milimani, mtoni, nyuma ya ngome. Sisi tulitazama. Feni ilikuwa ikikwaruza juu.

“Askari wangu huyu alikuwa huku,” kaka alisema ghafla. “Siyo pale.”

“Alikuwa pale. Ulimusogeza baadaye ukitafuta nafasi ya kikombe.”

Kaka aliinama juu ya ubao. Niliona taya lake likikakamaa. Muuguzi alikuwa ameweka mikono yake miwili magotini na hakuitikisa.

“Ni kweli,” kaka akasema mwishoni.

Kisha mama yule akanitazama, nami nikasema. Nilianza na neno la Kifaransa, nikaona ninajificha nyuma yake, nikaliacha. Nikasema nilikuwa na shaka, niliiandika shaka yangu kwa penseli, na siku ile niliifunika kwa kidole ili wasiione. Nikasema nilimwona kaka anacheka na sikutaka aache.

Nilimtarajia muuguzi aseme, “Si nilisema mi?” Hakusema. Kaka ndiye aliyeongea.

“Nilikutuma?”

“Apana.”

“Basi usiseme ulifanya kwa ajili yangu.”

Ilinichoma kuliko maneno ya Carama. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemgawia kosa ambalo hakuliomba.

Muuguzi alikohoa. “Na mi nilisema neno ambayo haifai kusemwa mu nyumba ya mutu,” alisema, akiangalia ubao. “Nilikuita vibaya.”

“Uliona kitu,” kaka alijibu. “Endeleeni, basi. Joka inapiga zimwi. Nimetangaza.”

Mama mshonaji alichukua dadu mbili. Alihitaji tano au sita katika mojawapo. Alizitikisa ndani ya viganja, akafumba macho, midomo ikitembea, akazitupa. Mbili. Na sita.

Muuguzi alipiga meza. Kaka alilishika joka lake kabla halijalazwa.

“Ngoja! Joka yangu nayo iko na ile nguvu. Kadi iko hapa. Zimwi imeipiga, sasa nayo inarudisha!”

Kadi ilikuwa kweli, joka lina nguvu ileile. Kama joka linarudisha, zimwi nalo litarudisha tena, na tena, mpaka lini? Mama mshonaji alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vidole vyote. Watatu wale walinigeukia, kwa mazoea tu, halafu kila mmoja akakumbuka, nikaona macho yao yakiniacha.

Nikasukuma kitabu mbele ya muuguzi. “Soma we. Kwa sauti. Mi nitafuata kwa macho.”

Alisoma taratibu, Kifaransa chake cha hospitali. Mama mshonaji alimsimamisha kila neno. Hiyo ni nini? Na hiyo? Na hiyo inasema mbele ao nyuma? Sentensi moja ilituchukua robo saa. Kaka aliomba kitabu, akasoma mwenyewe, kidole kikitembea chini ya mstari. Sheria ilikuwa fupi: pigo la kujibu halijibiwi.

Kaka alirudisha kitabu mezani. Akalitazama joka lake, akalilaza sandukuni. Nje mtu alikuwa anapiga chuma kwa nyundo, pengine gereji ya jirani, ingawa ni Jumapili.

“Zamu ya nani?” mama mshonaji akauliza.

Mchezo uliendelea mpaka karibu na magharibi, na ningependa kusema alishinda. Hakushinda. Sisi watatu tulikuwa tumekazia macho daraja, na muuguzi, ambaye hakuna aliyemwangalia, aliingia ngomeni kwa upande wa milima na askari watatu dhaifu. Mama mshonaji alisonya, akacheka, akasema Jumapili nyingine hatapita mtu milimani. Alipoondoka aliaga kila mmoja. Kwangu alisema, “Kwaheri, mwalimu.” Zamani alikuwa akiniita mwanangu. Bado anakuja, bado tunabishana juu ya kadi, sasa zinasomwa na muuguzi na mimi pamoja, naye anauliza kila neno. Lakini mwanangu hajarudia kuniita, na sijamwomba.

Daftari nililiandika upya. Badala ya “ikisha kupigwa” niliandika “ikishambuliwa tu”; neno kulipiza nikalifuta, nikaandika kujibu.

Na kaka, yeye alikaa karibu wiki mbili bila kunipigia simu. Siku moja nikiwa ninasahihisha, simu ikalia. Akaniuliza kama dawa za mama yetu mzazi zimepatikana. Nikasema zimepatikana. Akaniambia gari mbili zimeingia gereji, hatimaye, na Jumapili atachelewa.

“Anzeni bila mi,” alisema. “Nipangie watu wangu kaskazini.”

“Kaskazini wapi?”

“Pale karibu na mto. We unajua.”

“Sijui,” nilisema. “Nieleze vizuri.”

Akaanza kunieleza.